Macho Mekundu Wiki ya Mbegu

Munyiva alivunjika mguu ndani ya ofisi ya serikali, saa mbili kasoro dakika nne asubuhi, akikimbilia mashine ya vidole inayoandika saa ya kuingia kazini. Sakafu ilikuwa imetoka tu kupigwa deki. Aliteleza, akasikia kitu kikilia ndani ya kifundo cha mguu wa kushoto kama kijiti kikavu, na alipojaribu kusimama mguu ukakataa. Mlinzi alimbeba hadi kwenye benchi. Jambo la kwanza alilomwomba mlinzi huyo ni amsogeze karibu na mashine aweke kidole, kwa sababu saa mbili ilikuwa haijafika.

Hiyo ilikuwa wiki ya tatu tangu waraka utoke. Tangu siku za Korona, ofisi yao mjini Machakos ilikuwa imewaruhusu watu wa kompyuta kufanya kazi nyumbani siku tatu kwa wiki. Munyiva alikaa Wamunyu na mumewe Muema, ambaye ni mchongaji. Kazi yake ilikuwa kukagua orodha za wakulima wanaopewa mbegu: kuondoa majina yaliyoandikwa mara mbili, kusahihisha namba za vitambulisho, na kuhakikisha marehemu hatumiwi mbegu huku mjane wake akiachwa. Nyumbani aliifanya haraka zaidi kuliko ofisini, na hakuna mtu aliyewahi kumrudishia orodha.

Kisha akaja mkuu mpya, Madam Wacuka, na waraka wa mistari sita. Kuanzia Jumatatu kila mfanyakazi awe ofisini saa mbili kamili, siku tano kwa wiki, bila kubagua.

Munyiva alimpigia simu kutoka hospitalini, plasta ikiwa haijakauka.

"Madam, kilichovunjika ni mguu. Kichwa na mikono iko sawa. Kompyuta ya ofisi niko nayo. Naweza endelea na orodha nikiwa kwa nyumba."

"Pole sana, Munyiva," Madam Wacuka alisema, na sauti yake ilikuwa ya huruma kweli. "Lakini mtu ni mgonjwa ama yuko kazini. Hakuna katikati. Daktari amekupa wiki sita. Chukua zote upone."

"Na mvua ikikaribia?"

"Tumebaki watu kumi na wawili hapa. Tutamaliza. Wewe pona."

Jioni hiyo Aloys, ofisa anayeshughulikia mambo ya wafanyakazi, alifunga akaunti ya Munyiva kwenye mtandao wa ofisi. Ndivyo kanuni zilivyotaka. Mtu aliye katika likizo ya ugonjwa hafanyi kazi, na asiyefanya kazi haingii.

Wiki ya kwanza Munyiva alilala. Ya pili alisoma Biblia kutoka Mwanzo hadi katikati ya Hesabu. Ya tatu alianza kumwambia Muema jinsi ya kupanga tezo zake za kuchongea. Muema alimsikiliza, akaenda kwenye karakana, akarudi na kibao kilichochongwa kwa mti wa mwembe, chenye bonde la kulaza mguu. "Weka mguu hapa, mke wangu," alisema, "halafu uniachie tezo."

Ofisini mambo yalikuwa yakienda vingine. Uvumi ulikuwa umeenea kwamba Madam alihesabu siku za ugonjwa za kila mtu, na kwamba zitaandikwa kwenye tathmini ya mwisho wa mwaka. Hakuna aliyemuuliza kama ni kweli. Watu waliacha tu kuugua. Mwenye mafua alikuja na leso mbili, na mwenye tumbo alikaa karibu na mlango. Jumatano moja ya Oktoba Kilonzo, kijana wa takwimu anayetoka Tala, aliamka macho yakiwa mekundu na yamegandana. Aliyaosha kwa maji ya vuguvugu, akavaa miwani ya jua, akaenda kazini.

"Ni vumbi," alisema alipoulizwa. "Barabara ya Tala mnaijua."

Siku hiyo Kilonzo alitumia kompyuta tatu. Alimimina chai kutoka kwenye chupa ya ofisi. Aliwasalimia wenzake wote kwa mkono, kwa sababu alikuwa mtu wa adabu.

Jumatatu iliyofuata, Munyiva akiwa amemaliza wiki nne na plasta yake, simu iliita. Alikuwa Aloys.

"Habari ya mguu?"

"Mguu upo. Habari ya ofisi?"

"Ofisi imefungwa," alisema Aloys. "Ni macho. Watu kumi kati ya kumi na wawili. Afisa wa afya amekuja asubuhi, ametutoa wote, amesema wiki nzima mtu asikanyage. Madam mwenyewe alikuwa anasoma barua ameishika mbali hivi, halafu karibu, halafu akampa mlinzi amsomee."

Munyiva alitaka kucheka, lakini swali lilimwahi. "Na orodha?"

"Kata kumi na tisa bado."

"Kumi na tisa?"

"Mbegu ziko stoo. Ndengu, mbaazi, mahindi ya muda mfupi, zote. Lakini bila orodha kupitishwa, mkulima hapati meseji, na bila meseji stoo haimpi. Na watu wa hali ya hewa wamesema mvua ni Ijumaa."

Hilo Munyiva hakuhitaji kuelezwa. Ukambani mbegu hungoja mvua ikiwa ardhini. Anayesubiri ardhi ilowe ndipo atafute mbegu hukuta mvua imeshakwenda, na mwisho wake ni kuvuna mabua. Meseji zilitakiwa kutoka Alhamisi alfajiri, si zaidi, ili watu wachukue mbegu Alhamisi na wafukie siku hiyohiyo. Alishangaa kugundua kwamba kilichomjia hakikuwa woga. Ilikuwa furaha ya mtu aliyeketi wiki nne bila kuitwa na mtu yeyote.

"Aloys, nifungulie akaunti."

"Siwezi. Uko likizo ya ugonjwa. Ukifanya kazi sasa hivi ni makosa yako na makosa yangu. Na ukiumia zaidi, nani atakubali kwamba ulikuwa kazini?"

"Sasa umenipigia ya nini?"

"Kwa sababu tangu saa tatu nimekuwa nikisoma kanuni," alisema Aloys. "Kuna kifungu. Mgonjwa anaweza kupewa kazi nyepesi mahali alipo, daktari akiandika na mkuu wa ofisi akitia sahihi. Kiko hapo miaka mingi. Hapa hakuna mtu ameshawahi kukitumia. Daktari anakuona lini?"

"Alhamisi."

"Alhamisi ni kuchelewa."

Munyiva alikata simu akamwita Muema kwa sauti iliyowafanya kuku watawanyike uani.

*

Mzee Ngui, mkubwa wa karakana ya wachongaji, alikuwa na pikapu ya kubebea magogo. Jumanne saa kumi na mbili na nusu asubuhi walimwingiza Munyiva ndani yake, mguu ukiwa umelazwa juu ya mapaja ya Muema, magongo yakiwa nyuma pamoja na twiga saba wa mti waliokuwa wakipelekwa kwa mteja mjini. Mzee Ngui aliendesha polepole kwenye matuta na haraka mahali pengine pote.

"Mimi jina langu liko kwa hiyo orodha?" aliuliza walipopita Masii.

"Sijui, Mzee. Nimefungiwa."

"Ukifunguliwa, unaweza anza na yangu?"

"Orodha inaenda kwa kata, Mzee Ngui. Siwezi kuruka."

Mzee alifikiria jambo hilo hadi kona iliyofuata. "Nesa," alisema. Ni sawa. "Hata mimi sichongi twiga wa rafiki kwanza."

Hospitalini walikuta foleni, lakini Munyiva alikuwa ameshazungumza na muuguzi kwa simu, na saa tatu alikuwa mbele ya Daktari Peris, mwanamke mwembamba aliyesoma picha ya mguu kwa muda mrefu akiielekeza dirishani.

"Mfupa unaunga vizuri," alisema. "Lakini haujapona. Unataka niandike umepona?"

"Hapana, Daktari. Nataka uandike ukweli. Mguu mgonjwa, mtu anaweza kufanya kazi akiwa ameketi."

"Umeketi wapi?"

"Nyumbani. Mguu ukiwa juu ya kibao. Naweza kukuonyesha picha."

Alimwonyesha picha ya kibao cha mwembe kwenye simu. Daktari Peris aliitazama, akatabasamu kidogo, akaanza kuandika. Aliandika taratibu na kwa herufi zinazosomeka, jambo lililomshangaza Munyiva.

"Nimeandika saa sita kwa siku," alisema akigonga muhuri. "Sita. Nimesikia habari ya mbegu, mamangu pia anangoja hizo mbegu huko Kangundo. Lakini mguu ukivimba kwa sababu umekaa saa kumi, utarudi hapa na tutaanza upya. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

Ilibaki sahihi ya Madam Wacuka, na Madam alikuwa nyumbani kwake Kyumbi, upande wa pili wa mji. Aloys, mmoja wa wale wawili wa ofisini ambao hawakuugua macho, aliwakuta hospitalini na akapanda nyuma pamoja na twiga. Walipofika, Madam alisimama ndani ya lango, kitambaa chenye maji kikiwa juu ya macho, na hakuwaruhusu kukaribia zaidi ya hatua sita.

"Msishike hili lango," alisema. "Aloys, ni nani uko naye?"

"Ni mimi, Madam," Munyiva alisema kutoka dirisha la pikapu. "Munyiva."

Madam aliinua kitambaa. Macho yake yalikuwa yamevimba hivi kwamba ilikuwa vigumu kusema kama yamefunguka. Kwa muda walitazamana, au walijaribu: mmoja hawezi kutembea, mwingine hawezi kuona.

"Nisomee hiyo barua," Madam alisema.

Munyiva alimsomea yote, hata tarehe na namba ya usajili wa daktari. Aloys akamsomea kifungu cha kanuni. Malori yalikuwa yakinguruma barabara kuu, na Aloys alilazimika kurudia sentensi ya mwisho.

"Ina maana uko mgonjwa, na uko kazini," Madam alisema.

"Ndiyo, Madam."

Madam Wacuka alirudisha kitambaa machoni. Kisha akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayejieleza kwa mara ya kwanza. "Ofisi niliyotoka, watu walikuwa wanasema wako kazini nyumbani. Napiga simu nasikia harusi. Nasikia mbuzi anapigiwa bei. Kuna mama mmoja alikuja mara nne kutafuta hati yake, na mwenye kuitafuta alikuwa nyumbani. Niliapa sitaona hiyo tena."

"Nami sikulaumu," Munyiva alisema. "Lakini orodha zangu hazijawahi kurudi."

"Najua. Niliangalia." Akanyoosha mkono. "Leta kalamu."

Aloys alivaa glavu alizopewa hospitalini, akasogea, akaweka karatasi juu ya kipande cha ubao, akashika kidole cha mkuu wake na kukiweka mahali pa sahihi. Madam aliandika jina lake likapanda mlima kidogo, lakini lilikuwa jina lake.

"Kalamu baki nayo, Madam," Aloys alisema haraka akirudi nyuma.

Saa saba mchana, wakiwa njiani kurudi Wamunyu, simu ya Munyiva ililia. Akaunti ilikuwa imefunguliwa, lakini kazi ingeanza kesho yake, kama daktari alivyoandika kwenye barua.

*

Aliianza kazi Jumatano saa mbili kamili, na dakika kumi baadaye mtandao wa nyumbani ukafa. Aliizima simu iliyompa mtandao, akaiwasha. Orodha ya kata ya kwanza ilifunguka nusu ikaganda. Muema alikuwa amesimama mlangoni na tezo mkononi.

"Kule karakana mtandao uko," alisema. "Vijana wanatazama mpira bila kukwama."

Walimhamisha na kila kitu. Wanaume wanne walibeba meza, wa tano kiti, wa sita kibao cha mguu, na Muema akambeba Munyiva mwenyewe mgongoni, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu harusi. Walimweka katikati ya karakana, vumbi la mbao likiwa limefagiliwa mita mbili kila upande. Alifungua kompyuta. Kata ya kwanza ikafunguka yote, majina mia nne na themanini, mara moja, kama kitu kilichofunuliwa shuka.

"Iko," alisema.

Kuanzia hapo hakuinua kichwa. Majina yalipita mbele yake na aliyajua namna yanavyodanganya: Mutua aliyeandikwa pia Mutwa, namba ya kitambulisho yenye tarakimu moja pungufu, mwanamke aliyesajiliwa kwa jina la babake huku na la mumewe kule. Kata moja ilikuwa na marehemu sita. Aliwapigia wazee wa mitaa, akaandika wajane wao, akasonga. Wachongaji walijaribu kufanya kazi kwa utulivu. Aliposhika simu, tezo zilisimama zote kwa pamoja bila mtu kuwaambia, na alipoiweka chini zikaanza tena.

Kila kata ilipokamilika, Madam Wacuka alitakiwa kuithibitisha kwenye simu yake. Herufi hakuziona, lakini aliona kitufe cha kijani.

"Nisomee jumla," Madam alisema kwa kata ya kwanza.

"Walioandikwa mia nne themanini. Waliojirudia kumi na saba wametoka. Marehemu watatu, wajane wawili wameingia. Jumla mia nne sitini na mbili."

"Ngoja." Madam alipiga hesabu kwa kichwa, polepole, akinong'ona kwa Kikuyu. "Ni kweli. Nabonyeza."

Kata ya pili ilikwenda hivyohivyo. Ya tatu Madam aliuliza swali moja. Kufikia kata ya sita hakuuliza tena, ila alisema, "Endelea, nabonyeza," na Munyiva alijua Madam alikuwa akibonyeza kwa neno lake peke yake. Baada ya hapo alikagua kila jumla mara mbili kabla ya kuisoma.

Mzee Ngui alichukua mkaa akaandika namba ukutani. Saba. Nane. Tisa. Kila namba iliyoongezeka wachongaji walitazamana. Walikuwa wachongaji mchana na wakulima msimu wote, na kila mmoja alikuwa na shamba lililolimwa na kuachwa wazi, likingoja. Kata ya Wamunyu ilikuwa ya kumi na moja. Munyiva aliifungua, akaliona jina la Mzee Ngui likiwa limeandikwa vizuri bila kosa, akalipita kama mengine yote.

Saa nane kamili mchana alikuwa amemaliza kata kumi na sita. Simu iliita.

"Saa sita zimeisha," alisema Aloys.

"Zimebaki tatu. Nisaidie, Aloys. Ni saa moja tu."

"Barua inasema sita."

Munyiva aliutazama mguu. Vidole vilivyotokeza nje ya plasta vilikuwa vimeanza kuvimba na kung'aa. Alijua Aloys anasema kweli. Alijua pia kwamba kata tatu zilikuwa karibu wakulima elfu moja na mia tano. Akamuunganisha Madam kwenye simu ileile.

"Munyiva, maliza hizo tatu," Madam alisema mara moja. "Nitaeleza mimi kwa daktari."

Aliyepinga alikuwa Aloys, yule asiyebishana na mtu. "Madam, wiki iliyopita mtu alikuja kazini mgonjwa kwa sababu aliogopa kukaa nyumbani. Leo huyu anataka kuendelea, na sisi tunataka aendelee, na daktari amekataa. Tukimwacha, hiyo karatasi tumeandika ya nini?"

Munyiva hakuwahi kumsikia Aloys akimpinga mkuu wake.

"Hizo tatu ni za wapi?" Madam aliuliza.

"Upande wa Tala zote," alisema Munyiva.

"Kilonzo ni wa Tala."

"Kilonzo ni mgonjwa wa macho, Madam."

"Siku ya nane leo. Alinipigia asubuhi kuomba msamaha, akaniambia ameona vizuri kutoka jana, lakini daktari wa kliniki yao hamtaki akaribie watu mpaka Jumatatu." Kisha akauliza. "Aloys, hicho kifungu chako. Kinasema mguu peke yake?"

"Kinasema mgonjwa," Aloys alisema, na Munyiva angeweza kuapa kwamba alisikia tabasamu. "Akipata barua, nitamfungulia."

Kilonzo alipata barua kwa dakika arobaini. Aliipiga picha na kuituma, na baada yake akampigia Munyiva.

"Madam Munyiva, mimi ndiye niliwapa watu haya macho. Niliogopa kuandikwa."

"Najua. Hata mimi niliomba kuweka kidole mguu ukiwa umevunjika. Uko na kompyuta na mtandao?"

"Niko navyo, mtandao mzuri sana."

"Basi sikiliza. Kata ya kwanza iko na akina Nduku kumi na wanne. Si mtu mmoja. Usiwatoe. Ukikwama nipigie, kuongea si kazi."

"Kuongea ni kazi," Aloys alisema kutoka kwenye laini ambayo wote walikuwa wamesahau kwamba haijakatwa. "Lakini hiyo sijasikia."

Muema alimbeba hadi nyumbani, akamlaza, akaweka mguu juu ya mito mitatu, akarudi karakana. Munyiva hakulala. Saa kumi na nusu meseji iliingia kutoka kwa Kilonzo: kumi na saba. Saa kumi na moja na dakika ishirini: kumi na nane. Munyiva aliituma kwa Muema, na kutoka karakana kule mbali alisikia mtu akipiga gogo mara moja, kwa nguvu, kama ngoma. Jua lilikuwa limeshika milima alipopigiwa na Madam Wacuka.

"Nimebonyeza," Madam alisema. "Kumi na tisa." Alikuwa akihema kama mtu aliyekimbia. "Munyiva, nimekaa kwa hii kazi miaka ishirini na moja, na leo nimefanya kazi siku nzima nikiwa nimelala gizani na kitambaa kwa macho. Sijui niseme nini."

"Sema meseji zitoke, Madam."

"Zinatoka kesho saa kumi na moja alfajiri."

Zilitoka. Munyiva alizisikia kabla ya kuziona: simu ya Muema juu ya kabati, simu ya jirani ng'ambo ya ua, kisha nyingine, hadi kijiji kizima kikawa kinalia kama vifaranga. Mama mkwe wake, Ndunge, aliingia chumbani akiwa ameshika simu kwa mikono miwili.

"Imenisalimia kwa jina," alisema. "Ni muvea, mwana wakwa." Asante, mwanangu.

Siku hiyo ya Alhamisi foleni ya stoo ya Wamunyu ilifika hadi kwenye maduka ya vinyago. Watu walitoka na mifuko kichwani wakienda moja kwa moja mashambani, bila kupitia nyumbani, bila kusimama kwa salamu. Kilonzo alituma picha kutoka Tala, iliyopigwa kutoka mbali kwa sababu alikuwa mtiifu kwa daktari wake: soko limefurika, na katikati yake mama mmoja ameketi juu ya mfuko wa mbegu kama amekalia kiti cha enzi. Jioni Ndunge alirudi na udongo hadi magotini. Alikuwa amefukia ndengu zote.

Mvua haikungoja Ijumaa ipambazuke vizuri. Ilianza alfajiri, matone makubwa yaliyopigwa na upepo, na kufikia saa mbili ilikuwa imekaza. Munyiva aliomba apelekwe barazani. Aliketi hapo na plasta yake imefunikwa kwa karatasi ya plastiki, akatazama maji mekundu yakitafuta njia kati ya mistari ya shamba, na akacheka peke yake hadi Muema akaja kuona kuna nini.

Jumatatu Madam Wacuka alimpigia. Macho yalikuwa yamepungua uvimbe, alisema, na aliweza kusoma kichwa cha habari cha gazeti. Alikuwa ameamua kuufuta ule waraka wa mistari sita, na alitaka Munyiva na Aloys waandike mwingine: nani anaweza kufanya kazi nyumbani, siku gani, kwa ushahidi gani wa kazi, na mgonjwa afanywe nini.

"Kwa saa zako sita," aliongeza. "Usizidishe."

Munyiva alivuta karatasi. "Madam, kuna jambo moja ningependa liwemo. Watu wakiona nilivyofanya, mwaka ujao mtu atalazwa na malaria, aambiwe, mbona Munyiva alifanya kazi na mguu uliovunjika. Mimi niliomba mwenyewe. Mwingine asilazimishwe. Na siku za ugonjwa zisiandikwe kwenye tathmini ya mtu."

"Hazijawahi kuandikwa," Madam alisema kwa mshangao. "Nani aliwaambia zinaandikwa?"

"Hakuna aliyetuambia haziandikwi."

Mvua ilikuwa bado ikinyesha, nyepesi sasa.

"Andika hilo," Madam Wacuka alisema. "Liwe la kwanza."

Munyiva akaliandika la kwanza.